Pikipiki za Umeme Homa Bay: Betri ni ya Nani?

Mwezi wa Septemba mwaka 2023 yalitokea mambo matatu ambayo wengi wetu tuliyasoma kila moja mahali pake, wala hatukuyaweka pamoja. Tarehe mosi ya mwezi huo Rais William Ruto alikuwa Mombasa akizindua mpango wa kueneza pikipiki za umeme nchini. Tarehe 15, bei ya petroli mjini Nairobi ilipanda ikavuka shilingi 211 kwa lita, bei ambayo haikupata kuonekana katika nchi hii. Na siku hiyo hiyo ya tarehe 15, huko Marekani, wafanyakazi wa makampuni ya magari ya Ford, General Motors na Stellantis waliweka spana chini, wakaanza mgomo uliochukua yapata wiki sita.

Msomaji wa Mombasa au Lamu ana haki ya kuuliza: mgomo wa Wamarekani unatuhusu nini sisi? Na msomaji aliyeko Homa Bay, kwani wako wasomaji wa ukurasa huu huko pia, ataongeza kwamba hata huo uzinduzi wa Mombasa ulimfikia kwa habari tu. Kwa maoni yangu mambo haya matatu ni nyuzi tatu za kamba moja. Petroli imekuwa ghali, umeme unaingia badala yake, na yule anayeishi kwa kazi ya petroli anauliza atakula wapi. Swali hilo Wamarekani waliliuliza wakiwa na chama. Mwenzetu wa Homa Bay hajapata hata pa kuliulizia.

Tuanze na hao Wamarekani, maana jambo lao likifahamika, letu litakuwa wazi. Gari la petroli lina injini, na injini ni mkusanyiko wa vitu vingi: pistoni, ringi, vali, plagi, pampu, giaboksi, ekzosi na vinginevyo. Kila kimoja kina kiwanda chake, na kila kiwanda kina watu wake. Gari la umeme halina hayo. Lina mota, lina betri, lina kompyuta ya kuviongoza, basi. Kazi iliyokuwa katika injini imehamia katika betri. Na viwanda vya betri vilijengwa vipya, kwa ubia na makampuni ya Kikorea, nje ya mkataba wa chama cha wafanyakazi wa magari, na mishahara yake ilikuwa chini ya ile ya viwanda vya zamani. Hapo ndipo chama hicho, kwa uongozi wa rais wake Shawn Fain, kilipokaza kamba. Mgomo ulipokwisha, wafanyakazi walikuwa wameahidiwa nyongeza ya asilimia 25 katika muda wa mkataba unaokwisha mwaka 2028, na General Motors ilikuwa imekubali wafanyakazi wa betri waingizwe katika mkataba mkuu.

Hawakugoma ili magari ya umeme yasije. Walijua yatakuja wakitaka wasitake. Waligoma ili kazi itakapohama kutoka injini hadi betri, haki zao zihame pamoja nayo. Neno hilo, betri, naomba msomaji aliweke akilini, maana tutakutana nalo tena ziwani.

Chombo cha mnyonge

Homa Bay imekaa kusini mwa Ghuba ya Winam. Ukitoka mjini kuelekea magharibi utafika Mbita, na mbele yake ni daraja la kuvukia kisiwa cha Rusinga. Ukielekea mashariki utafika Kendu Bay, mji ambao Mswahili hapati ugeni ndani yake, kwani una msikiti wa zamani na Waislamu wa vizazi kadhaa. Ukishika njia ya kusini utapita Rongo na Awendo, penye kiwanda cha sukari, hadi Migori na mpaka wa Tanzania. Katika njia zote hizi chombo cha mnyonge ni pikipiki. Ndiyo inayompeleka mja mzito hospitali, mtoto shule, na omena sokoni.

Lakini pikipiki haikuwa ya kwanza. Watu wa upande ule wa magharibi ndio waliotupa neno boda boda, tangu zamani walipokuwa wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli kwenye mpaka wa Busia. Baiskeli hizo zilienea Kisumu, Homa Bay na Migori, zikalisha nyumba nyingi. Kila penye kituo cha baiskeli palikuwa na fundi wa baiskeli chini ya mti, na pampu yake na viraka vyake. Kisha mwaka 2008 serikali iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, nazo zikamiminika kutoka India na China. Leo zimepita milioni moja nchini. Baiskeli za abiria zikapungua, fundi wa viraka naye akahama na mti wake.

Je, tulilia? Hatukulia, wala sisemi ilitupasa kulia. Pikipiki ilikwenda mbali zaidi, ilipanda vilima, na ilileta kazi mpya nyingi kuliko zile ilizoziua: muuza petroli ya chupa, fundi wa injini, muuza vipuri, mwoshaji. Ila jambo moja tuliangalie. Aliyekuwa na baiskeli aghalabu aliimiliki mwenyewe. Aliyepanda pikipiki mara nyingi alipanda ya mtu, akawa kila jioni humpelekea mwenyewe fungu lake, abiria wapatikane wasipatikane. Chombo kilikuwa bora, lakini umiliki ulimponyoka dereva. Mabadiliko yale yalipita bila ya mtu kuyajadili kwa niaba yake, kwa kuwa hakukuwa na chama cha kumsemea.

Sasa yanakuja mabadiliko ya pili, na ndani yake mna umiliki mwingine wa kuponyoka.

Karabai na taa ya kukodi

Ziwani mabadiliko haya yalitangulia kuingia kwa njia ya taa. Wavuvi wa omena huvua usiku, wakati wa giza la mwezi, kwa kuwavuta samaki kwa mwanga, kama wavuvi wetu wa dagaa wafanyavyo huku Pwani. Kwa miaka mingi mwanga huo ulikuwa wa karabai, na karabai ilikula mafuta ya taa ikammaliza mvuvi kabla hajauza ndoo moja. Katika miaka hii vimejengwa vituo vya umeme wa jua kandokando ya ziwa, Mbita ikiwa mojawapo, na shirika la WeTu, ambalo asili yake ni mradi wa wakfu wa Siemens wa Ujerumani, huwakodisha wavuvi taa za betri: jioni anachukua iliyojaa, asubuhi anairudisha. Shirika hilo limeingiza pia vyombo vya barabarani vya umeme katika eneo hilo.

Taa hizi zina heri. Hazina moshi, haziungui, na hazimwagi mafuta katika maji tunayokunywa. Lakini angalia namna ya biashara yenyewe. Karabai ilikuwa mali ya mvuvi au ya mwenye mtumbwi. Ikiharibika alikwenda kwa fundi wa mtaani akabadilishiwa utambi. Taa ya betri si yake. Ameikodi. Ikiharibika anairudisha kituoni, naye fundi wa mtaani hana ruhusa wala zana za kuifungua.

Pikipiki za umeme zinaletwa kwa namna hiyo hiyo. Kampuni kama Spiro, ile iliyozinduliwa Mombasa, inamwuzia dereva pikipiki kwa bei nafuu kuliko inavyostahili, kwa sababu betri haimo katika bei. Betri inabaki mali ya kampuni. Dereva huenda kituoni, hutoa iliyokwisha, hupewa iliyojaa, hulipa, huondoka. Ni dakika chache tu, haraka kuliko kujaza petroli. Mabasi ya umeme ya BasiGo nayo yamekuwa yakipewa wenye matatu kwa mtindo wa jamaa zake: basi lako, betri unailipia kwa kila kilomita unayokwenda.

Sina shaka na hesabu ya faida. Umeme wetu sehemu kubwa hutoka katika mvuke wa ardhi wa Olkaria, katika mabwawa ya mito na katika upepo. Hatuuagizi kwa meli kama petroli. Tangu mwaka 2023 iko bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, na ya usiku ni nusu ya ile ya kawaida. Dereva aliyezoea kuacha nusu ya pato lake kituo cha petroli atakuwa mwendawazimu asipoitamani. Ninachouliza ni kile anachouliza mwenye busara kabla ya kupanda chombo cha mtu: nahodha ni nani?

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema kwamba mkataba wa kukodi una masharti yake. Ujira ujulikane, muda ujulikane, na manufaa yanayokodiwa yajulikane, na pande zote mbili ziridhike kwa kujua. Palipo na jambo lililofichwa, pana gharari, nayo inaharibu mkataba. Sasa chukua mkataba wa betri. Umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Bei ya kubadilisha betri leo ni hii, ya mwaka ujao haijulikani. Betri ya kampuni hii haiingii katika pikipiki ya kampuni ile, basi dereva akiona bei imepanda hana pa kuhamia, kwani pikipiki bila ya betri ni chuma cha kukalia. Na juu ya yote, ufundi uliomo ndani yake unamwezesha mwenye betri kuizima akiwa mbali, dereva yuko Rongo na mwenye kuzima yuko Nairobi.

Hapo linazuka swali ambalo wanasheria wetu bado hawajalitolea jibu la kuridhisha. Mtu ambaye bei ya riziki yake inapangwa na kampuni, chombo chake kinaweza kuzimwa na kampuni, na mahali pa kupata nguvu ya kufanyia kazi ni kwa kampuni hiyo peke yake, je, huyo ni mteja, au ni mwajiriwa asiyeitwa mwajiriwa? Akiitwa mteja, hana chama. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 imewekwa kwa ajili ya waajiri na waajiriwa. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Lakini dereva wa Homa Bay atagoma dhidi ya nani? Dhidi ya betri?

Spana ya fundi

Tumemtazama dereva. Sasa tumtazame fundi, maana huyu ndiye mfanyakazi wetu halisi wa magari. Marekani na Ujerumani mfanyakazi wa magari yumo kiwandani, amevaa sare, jina lake limo katika daftari la chama. Kwetu yuko gereji ya wazi, jua kali limemwakia, mikono imejaa oili, na vijana wawili watatu wakijifunza kwake kwa kumshikia spana. Hakuna mwaka hata mmoja ambao hesabu ya viwanda vyetu ilimhesabu kama ipasavyo.

Huyu atapoteza nini? Tuseme ukweli, hatapoteza yote. Breki zitabaki, tairi zitabaki, beringi, taa, springi na fremu iliyopinda baada ya ajali. Barabara ya mawe haijali kama chombo ni cha petroli au cha umeme. Kitakachoondoka ni injini, na injini ndiyo iliyokuwa ikimlipia kodi ya nyumba. Kubadilisha oili, kusafisha kabureta, kupasua injini na kuweka ringi mpya, hayo yote hayamo katika pikipiki ya umeme. Badala yake mna mota na kontrola, na hivyo si vigumu kwa mtu aliyezoea kufikiri kwa mikono. Kijana aliyefahamu injini kwa kutazama atafahamu mota kwa kufundishwa mwezi mmoja. Kizuizi si akili yake. Kizuizi ni kufuli, kwani kampuni ikiamua kwamba betri na kontrola zifunguliwe na mafundi wake tu, fundi wa mtaani amekwisha, hata awe hodari namna gani.

Wala hili si la Homa Bay peke yake. Watu wa Mombasa wana lao papo hapo Miritini. Kiwanda cha kuunganisha magari cha AVA kiko hapo tangu miaka ya 1970, wakati serikali ilipotaka magari yaunganishwe nchini, na pamoja nacho kile cha Thika na kile cha General Motors Nairobi. Vijana wengi wa Mombasa walijifunza uchomeleaji na upakaji rangi hapo. Kisha katika miaka ya 1990 milango ilifunguliwa, magari yaliyokwisha kutumiwa Japani yakashushwa Kilindini meli kwa meli, na kazi ya kuunganisha ikanyauka. Tuliyashangilia magari ya bei rahisi, nao wachomeleaji wakarudi majumbani kimya kimya. Halafu, mnamo mwisho wa 2022 na mwanzo wa 2023, kiwanda hicho hicho cha Miritini kikaanza kuunganisha mabasi ya umeme ya BasiGo. Mwaka 2024 kampuni hiyo ikafungua laini nyingine Thika.

Basi anayesema umeme unaua kazi tu, amesema nusu. Miritini umeme umeleta kazi. Lakini na anayesema umeme unaleta kazi tu, naye amesema nusu. Huko Ubelgiji, kiwanda cha Audi cha Brussels kilichokuwa kikiunda magari ya umeme kilifungwa mwezi wa Februari 2025, na watu wapatao 3,000 wakakosa kazi. Ujerumani, mwezi wa Desemba 2024, Volkswagen na chama cha IG Metall walikesha mezani wakakubaliana kwamba kazi zaidi ya 35,000 zitapungua hadi mwaka 2030, ila viwanda visifungwe ghafla wala watu wasifukuzwe kwa nguvu. Mambo hayo mawili tuyaweke sambamba. Chama si hirizi. Brussels vyama vilikuwako, na kiwanda kikafungwa. Hata hivyo penye chama, mwajiri hulazimika kukaa na kusema mapema anakusudia nini, na mfanyakazi hupata muda wa kujishika. Pasipo na chama, mfanyakazi husoma habari zake gazetini kama sisi wengine.

Mtu wa Rusinga Mombasa

Sisi wa Pwani tunajua jambo hili kwa gharama. Bandarini Kilindini kontena zilipoingia, kazi iliyokuwa ikifanywa na magenge ya makuli kwa siku kadhaa ilifanywa na winchi na watu wachache. Juzi juzi tu, mwaka 2019, ilitoka amri kwamba makontena yaendayo bara yapakiwe katika reli mpya, wakakosa kazi wenye malori, mataniboi, mafundi na wauza chakula wa njia nzima mpaka Mtito Andei. Watu waliandamana Mombasa, hata amri ikaja kuondolewa mwaka 2022. Reli yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kukata nguo ya mtu bila ya kumpima.

Lakini tunajua vile vile namna ya kujiokoa, na aliyekuja kutusaidia alitoka huko huko ninakokusema. Mwaka 1947, mwezi wa Januari, wafanyakazi wa Mombasa waligoma mji mzima, na shirikisho lao likaongozwa na Chege Kibachia. Serikali ya kikoloni iliunda baraza la kuchunguza, na nyongeza kidogo ikapatikana. Lakini chama hakikuwa kimesimama imara kisheria. Kibachia alikamatwa akahamishwa mbali, na shirikisho likafifia. Palibaki ahadi bila ya mlinzi.

Mwaka 1955, mwezi wa Machi, makuli wa bandari waligoma tena. Safari hii walikuwa na chama kilichoandikishwa. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari, na askari hawakuwa na mzaha. Akaja kutoka Nairobi kijana wa miaka 24, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, jina lake Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, na Rusinga ndiko alikozikwa mwaka 1969. Aliwashauri warudi kazini huku madai yao yakipelekwa mbele ya baraza la usuluhishi, naye akayatetea kwa hesabu za kodi ya nyumba na bei ya unga. Makuli wakapata nyongeza inayokaribia theluthi ya mshahara. Mjaluo wa ziwani alisimama Mombasa akawatetea Waswahili, Wamijikenda, Wakamba, Waluhya na Wajaluo wenzake, na hakuna aliyeuliza kabila la nyongeza.

Tofauti ya 1947 na 1955 haikuwa katika ujasiri. Mwaka 1947 watu walikuwa wengi na mioyo yao ilikuwa mikubwa. Tofauti ilikuwa meza. Mwaka 1955 palikuwa na meza, na penye meza palikuwa na kiti cha mfanyakazi, na penye kiti palikuwa na mtu aliyejua hesabu zake. Deni hilo la Rusinga nadhani linatufaa tulilipe. Vijana wa Homa Bay na Migori wanaoendesha na kutengeneza pikipiki hawana meza, na sisi wenye bandari ambayo pikipiki hizo zinashushwa hatuna haki ya kunyamaza.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa madereva wa pikipiki hawashikamani: leo wako pamoja, kesho kila mmoja na mwanasiasa wake. Ni kweli vikundi vyao ni vingi, na baadhi yake huamka wakati wa uchaguzi tu. Lakini makuli nao waliambiwa hayo hayo, kwamba ni vibarua wa kutwa, leo yuko kesho hayuko, hawawezi kuwa na chama. Nitaambiwa pia kwamba tukiweka masharti mengi, wenye mitaji watahama. Wenye mitaji hawa wamesamehewa kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliziondolea pikipiki za umeme mzigo mkubwa wa kodi. Aliyesamehewa kodi ya umma amekula chakula cha umma, na si ukosefu wa adabu kumwuliza ataosha sahani gani.

Masharti yenyewe si makubwa. La kwanza, serikali iweke kipimo kimoja cha betri za pikipiki, ili ya kampuni yo yote iingie katika pikipiki yo yote, kama vile petroli ya kituo cho chote inavyoingia katika tangi lo lote. Dereva akiweza kuhama, bei itakuwa na adabu. La pili, mkataba wa betri uandikwe kwa Kiswahili, na kwa Kijaluo kwa atakaye, bei isipandishwe bila ya ilani, na chombo kisizimwe kwa mbali kabla dereva hajapewa siku za kujitetea. La tatu, fundi wa jua kali afundishwe mota na kontrola katika vyuo vya ufundi vya kaunti, apewe cheti, na kampuni ilazimishwe kumwuzia vipuri na kumwachia afungue. La nne, kiwanda kitakachopata msamaha wa kodi kwa ajili ya kuunganisha vyombo vya umeme, kiwe Miritini au Thika au kwingineko, kikubali chama cha wafanyakazi wa chuma kiingie kazini mapema, kabla ya laini ya kwanza kuanza, kisiwe cha kubishiwa hodi miaka mitano.

Na la tano ni letu wenyewe. Madereva na mafundi wa Homa Bay, Mbita, Kendu Bay, Rongo na Migori wakae pamoja katika chama kimoja cha kazi, kisicho cha ukoo wala cha mgombea. Vyama vyao vya akiba viweke fungu la kununua betri na kujenga kituo chao cha kuchajia, hata kama ni kimoja kwa kuanzia. Jua la ziwani halina mwenyewe. Anayeweza kuweka akiba ya kumnunulia mwenzake sanda anaweza kuweka akiba ya kununua betri.

Wapo watakaosema tungoje kwanza tuone, kwani pikipiki za umeme bado ni chache huko Homa Bay, za petroli ndizo zimejaa barabarani. Mimi nasema uchache wake ndiyo nafasi yenyewe. Mkataba husemezwa kabla ya kutiwa sahihi. Mwaka 2008 tulingoja kuona, na tulipokwisha kuona, pikipiki zilikuwa za watu wengine. Wazee wetu wa baharini walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Nao hawakulisema ili mnyonge ashuke akae pwani. Walikuwa wakimwonya kwamba upepo peke yake haumtoshi, na kwamba kabla ya kung'oa nanga ahakikishe shikio la usukani limo mkononi mwake. Umeme ni upepo mzuri, na umeanza kuvuma. Homa Bay na Mombasa tuulizane sasa, wakati chombo kingali bandarini, betri itakuwa ya nani.